Usiuziwe mbuzi kwenye gunia: kununua na kuuza kamera za plastiki za mtumba

Kila wiki napokea swali lile lile. Mara ni ujumbe wa sauti, mara ni picha yenye giza iliyopigwa juu ya meza ya mtu: "Kaka, nimeiona hii, mwenyewe anataka pauni 30, nichukue?" Pichani kuna kamera nyeusi, nyepesi kama kisahani cha sabuni, imeandikwa Holga. Nami hujibu kwa swali: umeifungua nyuma? Hajafungua. Sijapata hata mmoja aliyefungua.

Kwa hiyo naandika yote hapa mara moja. Ninaishi Uingereza, na kamera nyingi nazipata kwenye magulio ya Jumapili ambako watu huuza vitu kutoka kwenye buti za magari, kwenye maduka ya hisani, na eBay. Aliye Dar au Mombasa huenda akanunua zaidi mtandaoni. Hatua ni zile zile, ila kile ambacho mimi nakishika kwa mkono, yeye itabidi amwombe muuzaji amwonyeshe kwa picha.

Kamera ninazozungumzia ni za filamu, za bei nafuu, ambazo mara nyingi hata lenzi yake ni plastiki. Wakubwa wa ukoo ni wawili. Diana ilitoka Hong Kong miaka ya 1960, kiwanda cha Great Wall Plastic. Holga nayo ni ya Hong Kong, ya mwaka 1982, na jina lake limetokana na maneno ya Kikantoni *ho gwong*, yaani mwanga mwingi. Jina la kujisifu hilo, kwa kamera isiyoona kitu ndani ya nyumba. Picha zake hufifia pembeni na hukaa kama zimepigwa ndotoni, na hicho ndicho watu wanachokilipia. Nadharia inatosha.

Vya kuwa navyo kabla hujatoa hela

- Kurunzi ndogo ya LED, ile ya kutundika kwenye funguo. Simu haitaingia ndani ya kamera.
- Rili moja tupu ya filamu ya 120 (filamu pana wanayotumia Holga na Diana), yaani kile kipande ambacho filamu hujiviringishia.
- Filamu moja ya 120 iliyokwisha muda, ya kufanyia mazoezi. Iungue tu, ndiyo kazi yake.
- Betri 2 za AA, kama unawinda Holga zenye flashi.
- Tepu nyeusi ya fundi umeme. Selotepu ya kawaida inapitisha mwanga, haifai.
- Kitambaa laini na kipulizio cha vumbi cha mpira.
- Hela ya filamu mbili na ya kuzisafisha maabara, iliyotengwa kando na hela ya kamera. Asiyeitenga hii huishia na pambo la rafu.

Hatua ya 1: Uliza filamu kabla ya kuuliza bei

Kamera isiyopata filamu ni kopo. Fungua nyuma, au soma maandishi ya mwilini.

Filamu ya 120 na ya 35mm bado zinatengenezwa na kampuni kadhaa, kwa hiyo hapo endelea. Ya 110, ile ya kaseti ndogo, ipo tena tangu kampuni ya Lomography walipoirudisha mwaka 2012, ila chaguo ni dogo. Ukikuta 126, disc au APS, irudishe mezani taratibu na umtakie mwenye mali siku njema.

Mtego mkubwa ni 620. Upana wake ni ule ule wa 120, lakini rili yake ni nyembamba zaidi. Wajuzi huihamisha filamu ya 120 kwenda kwenye rili ya 620 wakiwa gizani. Wewe unayeanza, hata ukiambiwa "ni kitu kimoja tu", pita.

Hatua ya 2: Itambue kwa jina lake kamili

Kwenye Holga, herufi zina maana. 120S ni ya kale: haina B (uwezo wa kuacha lenzi wazi muda wote unaobonyeza) wala tundu la kufungia stendi. 120N ina vyote viwili. F ni flashi, CF ni flashi yenye vichujio vya rangi, na G ni lenzi ya kioo badala ya plastiki. Wapo wanaoitaka G, na wapo wanaoikimbia kwa sababu wanataka plastiki. Bei isipande eti kwa sababu ni kioo.

Kwa Diana, tofautisha bibi na mjukuu. Ile ya zamani imeandikwa Made in Hong Kong, na kwenye filamu ya 120 hupiga picha 16 za mraba. Diana F+ ni ya Lomography, ilitoka mwaka 2007. Ni kamera nzuri na mara nyingi inafaa zaidi kutumika kuliko bibi yake, lakini si ya miaka ya 1960, na anayeiuza kwa bei ya ukale anakupiga. Diana ya zamani pia ina mapacha wengi waliouzwa kwa majina mengine kama Arrow, Banner na Dories. Sura moja, na mara nyingi bei ndogo.

Usidharau za 35mm. Vivitar Ultra Wide & Slim ni kamera nyembamba isiyo na mvuto wowote, lakini lenzi yake pana ya 22mm inatafutwa sana. Hizi ndizo zinazojificha kwenye vikapu vya maduka ya hisani kati ya chaja mbovu na miwani.

Hatua ya 3: Jaribu shata, mara kumi

Shata ni kile kipazia kinachofungua na kufunga mwanga. Hapa ndipo pa kutumia muda. Vua mgongo wa kamera. Toa kifuniko cha lenzi. Elekeza lenzi kwenye anga nyeupe (si kwenye jua lenyewe), weka jicho nyuma, kisha bonyeza kibonyezo kilicho ubavuni mwa lenzi. Unatakiwa uone duara la mwanga likipepesa mara moja na kufunga. Ukiona nusu duara, au duara linalosita kufunga, springi imechoka au kuna uchafu.

Rudia mara kumi, na usikilize. Mlio uwe ule ule kila mara, mkavu. Shata inayogoma mara moja kati ya kumi itakulia picha moja katika kila filamu, na itakuwa ile uliyoipenda.

Kisha itafute swichi ya N na B chini ya lenzi. Kwenye N shata hufunga yenyewe. Kwenye B hubaki wazi mpaka uachie kidole. Swichi hii hujisogeza yenyewe mfukoni au mkobani, na imeniletea faida zaidi ya kitu kingine chochote katika biashara hii. Asubuhi moja ya baridi nilikuta Holga 120N imewekwa juu ya sanduku la sahani, imebandikwa kikaratasi: "Inaharibu picha. Pauni 4." Niliipindua. Swichi ilikuwa B. Kila picha aliyopiga yule mzee shata ilibaki wazi muda wote alioshikilia kidole, na mkono ukatikisika. Nikaisogeza mbele ya macho yake, nikamweleza. Akacheka, akasema bei ni ile ile. Niliiuza baadaye kwa pauni 22.

*Tahadhari:* Holga inakuruhusu kubonyeza shata mara nyingi bila kusogeza filamu. Hilo si bovu, imezaliwa hivyo. Vilevile kwenye Holga za zamani ile swichi ya jua na wingu haibadilishi kitu chochote cha maana. Usiombe kupunguziwa bei kwa sababu yake, utaonekana mgeni.

Hatua ya 4: Tafuta mahali mwanga unapopenya

Washa kurunzi ndogo, iweke ndani, funga kamera, ingia kabatini au subiri giza. Izungushe taratibu uangalie viungo vyote. Kile kidirisha chekundu cha nyuma kitawaka, hicho ni cha kawaida. Kinachotafutwa ni mstari mweupe kwenye ukingo wa mgongo, hasa pembeni na chini.

Gulioni hakuna kabati. Mimi huvua koti, naingiza kichwa na kamera chini yake. Watu hutazama. Waache watazame.

Kwenye Holga, angalia pia ndani, juu ya lenzi: mara nyingi kuna matundu mawili madogo yanayoingiza mwanga upande wa filamu. Yanazibwa kwa vipande vya tepu nyeusi kwa dakika moja. Kwa jumla, mwanga unaopenya kwenye kiungo ni sababu ya kupunguziwa bei, si sababu ya kuacha. Ufa kwenye mgongo wa Diana ya zamani ni jambo lingine. Plastiki ile imekauka, na ufa hukua kila ukifungua. Hiyo iache.

Hatua ya 5: Hesabu vipande

Kamera hizi huuzwa zikiwa pungufu kuliko mtu anavyodhani. Holga kamili ina mgongo, klipu 2 za chuma za pembeni, fremu ya ndani, kifuniko cha lenzi, na rili tupu upande wa kupokelea filamu. Rili ndiyo inayosahaulika zaidi, na bila hiyo filamu mpya haina pa kwenda. Ndiyo maana nimekwambia utembee na ya kwako.

Klipu zijaribu kwa kuivuta kamera kwa mkanda wake. Mkanda hushikizwa kwenye klipu hizo hizo, kwa hiyo zikilegea kamera inadondoka na kukuachia mgongo shingoni, filamu ikiwa wazi juani.

Na usifanye kosa langu. Niliwahi kununua Diana-pacha mbili mbovu, moja haina mgongo, nyingine shata imekufa, nikijua nitapata moja nzima. Kwa macho zilikuwa sawa kabisa. Mgongo wa moja uligoma kuingia kwenye nyingine kwa upana wa ukucha. Bado ninazo zote mbili.

Hatua ya 6: Panga bei kichwani, kisha ongea

eBay, chuja matokeo ubaki na vitu *vilivyokwisha kuuzwa*. Bei anayoomba muuzaji ni ndoto yake. Bei iliyolipwa ndiyo habari.

Holga ina kipimo rahisi zaidi: bei ya mpya. Uzalishaji ulisimama mwishoni mwa 2015, ukarudi mwaka 2017. Mpaka leo kuna matangazo yanayosema "haitengenezwi tena", na watu wanalipa. Tazama mpya inauzwaje, kisha ya mtumba isizidi theluthi mbili ya hapo. Mimi Holga ya kawaida, kamili, bila kisanduku, sivuki pauni 25. Diana ya zamani yenye kisanduku chake na karatasi ya maelekezo ni habari nyingine, hiyo huwa napanda, kwa sababu kisanduku ndicho wakusanyaji wanachokitafuta.

Mtu akikutajia kwamba mpiga picha David Burnett alimpiga picha Al Gore, mgombea urais wa Marekani, kwenye kampeni ya 2000 kwa Holga na picha ikapata tuzo, ni kweli. Lakini unanunua Holga, hununui Burnett.

Gulioni, usimlalie muuzaji kwa bei ya matusi. Mwonyeshe tatizo moja la kweli, taja bei yako mara moja, nyamaza. Ukinunua kutoka Japani, Hong Kong au Uingereza kwenda nyumbani, nauli na ushuru uvijue kabla ya kubonyeza. Vinaweza kuzidi bei ya kamera yenyewe.

Hatua ya 7: Ukinunua mtandaoni, omba vitu vinne

Picha ya ndani mgongo ukiwa umevuliwa. Picha ya lenzi kwa mbele, karibu. Picha ya chini ya kamera. Na video fupi ya shata ikipigwa kutokea nyuma. Muuzaji mwaminifu hukutumia siku hiyo hiyo. Akikujibu "haijajaribiwa, sina filamu", mwambie video ya shata haihitaji filamu. Neno "haijajaribiwa" kwa uzoefu wangu lina maana mbili: ama kweli hajui, ama alijaribu ikakataa. Lipa kana kwamba ni ya pili.

Malipo yapitie kwenye mtandao wenyewe wa mauzo. Anayekuhamisha ulipe pembeni "ili tuokoe makato" anajua anachofanya.

Hatua ya 8: Piga filamu ya kwanza kabla ya kuiuza kwa mtu

1. Zoeza mkono kwa ile filamu iliyokwisha muda, mchana, ukiangalia inavyojiviringisha.
2. Weka filamu nzuri kivulini. ISO (namba ya filamu inavyohisi mwanga) 400 kwa mawingu ya Ulaya. Kwa jua la mchana la pwani hata 100 inatosha.
3. Chagua fremu: ya mraba inatoa picha 12, ile nyembamba inatoa 16. Kisha sogeza mshale wa kidirisha chekundu uelekee namba *hiyo hiyo*.
4. Sogeza filamu mpaka uone 1. Ziba kidirisha kwa tepu, ukifunua tu unaposogeza.
5. Toa kifuniko cha lenzi. Unatazama kupitia tundu lingine, kwa hiyo kamera haitakuambia kama kifuniko kipo.
6. Ukimaliza, viringisha mpaka karatasi yote iliyo nyuma ya filamu ipite, fungua kivulini, ibane filamu kwa gundi yake isilegee.

Ukisafiri kwa ndege na filamu, ibebe mkononi na uombe ikaguliwe kwa mkono. Mashine mpya za CT za kukagulia mizigo kwenye viwanja vya ndege huharibu filamu. Kamera tupu haina shida.

Hatua ya 9: Ukigeuka muuzaji

Ipangushe. Vumbi kwa kipulizio, mwili kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Lenzi ya plastiki usiiguse kwa spiriti, thina wala petroli, itapata ukungu ambao hautoki. Toa betri. Alama ya kutu ya betri ikionekana pichani, mnunuzi anakimbia.

Piga picha mchana karibu na dirisha: mbele, nyuma, chini, ndani, na kila kasoro kwa karibu. Kisha weka kitu ambacho wauzaji wengi hawaweki, yaani picha mbili au tatu zilizopigwa na *kamera hiyo hiyo*. Hizo zinauza kuliko maneno yote. Tangu nianze kufanya hivyo sijaulizwa tena "inafanya kazi?"

Kwenye maelezo anza na kasoro, kisha taja vipande vyote kimoja kimoja, pamoja na rili. Epuka "adimu" kama si adimu.

Kufunga mzigo: klipu zibandike kwa tepu, kifuniko kiwe juu ya lenzi, karatasi ya mapovu mara mbili, na kisanduku kisiache nafasi ya kamera kutembea. Piga picha kabla ya kufunga na baada ya kufunga.

Mambo yakienda mrama

*Negativu imerudi tupu, haina kitu.* Kifuniko kilibaki kwenye lenzi, au shata haifunguki. Rudi hatua ya 3.

*Picha zimepandana.* Mshale ulikuwa 16 na fremu ya 12.

*Kila picha imetikisika.* Swichi iko B. Irudishe N, ishikize kwa kipande cha tepu.

*Kingo za filamu zimeungua mwanzo mpaka mwisho, lakini kamera haipitishi mwanga.* Filamu inajiviringisha ikiwa imelegea na kunenepa kwenye rili. Kunja kipande cha karatasi ngumu ya kisanduku cha filamu, kiweke chini ya rili ili kiikaze. Dawa ya bure hiyo.

*Duara au wingu jekundu katikati ya picha.* Mwanga umepita kwenye kidirisha. Tepu.

*Flashi haiwaki.* Badilisha betri kwanza, sugua vishikizo vyake. Bado? Iuze kama kamera isiyo na flashi, na uandike hivyo.

*Mnunuzi anairudisha akisema picha hazina makali na kona ni nyeusi.* Hapo hakuna cha kutengeneza, ndivyo lenzi ilivyo. Kwa sababu yake kila tangazo langu lina mstari huu, juu kabisa, kabla ya bei: "Kamera hii haipigi picha safi. Angalia mifano mitatu hapo chini. Kama huipendi, usiinunue."